Uzito wa Chiriku

Hiki ninachokwambia hutakiamini, na wala sitakulaumu. Aliyenisimulia mara ya kwanza nilimjibu "wacha we!" nikamgeuzia mgongo. Lakini usikimbie, soma mpaka mwisho, maana nina swali langu moja nataka unijibu.

Ilikuwa mchana, jua limetulia. Fundi viatu amekaa kibarazani kwake anapaka gundi soli ya kiatu cha mwalimu, kile cha kulia, kwa sababu mwalimu kila mwaka humaliza cha kulia kwanza. Pembeni, ukuta huohuo, mkewe msusi alikuwa anamsuka Mama Redio wa nyumba ya jirani, ambaye aliitwa hivyo kwa kuwa habari zikishafika kwake hakuna wa kuzizima.

Fundi akasikia uzito juu ya miguu yake. Miguu yote miwili, kwa juu, karibu na vidole, kama mtu mdogo aliyepanda pale akashika suruali asidondoke.

Binti yao alikuwa na mchezo huo. Alikuwa anapanda juu ya miguu ya baba yake, wanaangaliana, halafu baba anatembea naye hatua za bata mpaka mlangoni na kurudi. Binti huyo walikuwa wamemzika wiki chache nyuma.

Fundi hakushtuka. Alimaliza kupaka gundi, akaipuliza, akasema, "Ngoja ishike, mama. Ikishika tutatembea."

Msusi akainua kichwa. "Yuko kwako?"

"Ndiyo kwanza amefika."

"Ndiyo maana. Tangu asubuhi alikuwa mgongoni kwangu. Sasa hivi nimejiona mwepesi, nikasema huyu kaenda wapi."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi."

Mama Redio alikuwa ameshikwa nywele, hakuweza kugeuka. "Chiriku yupo?" akauliza. "Muwe mnasema mapema jamani, nisije nikamkalia mtoto wa watu."

"Yuko kwa baba yake."

"Haya. Basi nimalizie huku, usiniache kichwa kama shamba la mvivu, nusu limelimwa nusu pori."

Gundi ilishika. Fundi akasimama, akatembea hatua za bata mpaka mlangoni na kurudi, mikono ameiteremsha mbele, vidole vimekunjwa kama vimeshika vingine. Mwenye kiatu alikuwa amefika, akasubiri wamalize, ndipo akauliza kiatu chake.

Sasa elewa kitu kimoja. Kilichorudi ni uzito tu. Sura haikuwepo, kivuli hakikuwepo, na sauti haikuwepo kabisa. Hilo la sauti ndilo lililowachoma, kwa sababu walimwita Chiriku kwa maneno yake. Umri miaka minne, mwembamba kama njiti ya kiberiti, lakini mdomo! Akiamka anaongea, akila anaongea, ukimwogesha anaongea na maji. Siku moja alimuuliza baba yake, "Baba, viatu vikifa vinaenda wapi?" Fundi akamjibu, "Vinakuja kwangu." Chiriku akafikiri, akasema, "Basi na mimi nikifa nitakuja kwako." Msusi akamkemea, aache maneno ya mkosi.

Akaja kweli. Maneno ndiyo hayakuja.

Watu walizoea haraka. Benchi la wateja lilikuwa linabonyea upande mmoja, anayetaka kukaa anapapasa kwanza. Viatu vilivyoletwa kutengenezwa vilianza kukunjamana visiginoni kwa sababu kuna mtu alikuwa akivijaribu. Bibi mmoja alilalamika viatu vyake vya harusi ya mjukuu vimetanuka. Fundi akasema, "Samahani mama, ni mtoto." Bibi akavigeuza, akaviangalia ndani, akasema, "Basi mwache avivae mpaka Jumamosi."

Shangazi yake, dada wa fundi, ndiye peke yake aliyepinga. Alikuja na mkoba mkononi, akasimama mlangoni. "Kaka, mwambieni aende. Mnamchosha. Mtu akifa anatakiwa apumzike."

Msusi akamjibu, "Wifi, anapumzika. Hapo alipo amelala." Akaonyesha mto kitandani. Katikati ulikuwa na kishimo cha kichwa kidogo. Shangazi aliutazama kwa muda, akaweka mkoba chini, akaenda kuosha vyombo.

Lakini kulikuwa na kitu ndani ya nyumba ile ambacho mume na mke hawakukifungua wala hawakukitaja. Lilikuwa begi. Begi kubwa la msusi, la kitambaa kigumu, limesimama nyuma ya mlango tangu siku waliyorudi kutoka hospitali. Na fundi alikuwa anagonga kwa nyundo ya kuazima, juu ya jiwe. Misumari ilikuwa inapinda, wateja wanachomwa nyayo, wanarudi wakilia. "Fundi, chuma chako kiko wapi?" Fundi anajibu, "Kipo." Basi, anaendelea na jiwe lake.

Turudi nyuma kidogo ujue ilivyokuwa.

Siku aliyougua, Chiriku alinyamaza. Hivyo tu. Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, akasikia kimya, akageuka, akamwona mtoto ameketi ukutani macho yamelegea. Alipomgusa, mwili unachoma kama pasi. Akamfunga mgongoni kwa mbeleko palepale. Akatia begini blanketi na chupa ya chai. Fundi naye akakusanya vitu vyake. Begi lake la kazi lilikuwa limetoboka chini, miezi, hajalishona, si unajua nyumba ya fundi ndiyo inayovuja. Kwa hiyo nyundo akaitia kwenye begi la mkewe, na chuma akakitia humohumo. Kile chuma cha miguu mitatu, ambacho kiatu huvalishwa juu yake ili kigongwe. Alikirithi kwa baba yake na wezi wa vyuma chakavu walikuwa wanakimezea mate. Hakutaka kukiacha kibarazani.

Msusi akalitundika begi begani, wakaenda.

Wodi ya watoto ilikuwa na mizani mpya. Ilisimama ukumbini, kiti cha njano, picha ya bata mgongoni, mshale mwekundu. Ilikuwa imevikwa nailoni yake ya dukani na imefungwa utepe wenye fundo kubwa kama ua. Fundi akauliza kama mtoto akae pale.

"Hiyo bado haijazinduliwa," sista akasema. "Anasubiriwa mgeni rasmi. Tunapima kwa ile ya wakubwa. Mama panda na mtoto, halafu panda peke yako, mimi natoa."

Kila siku walipima hivyo, kila mtoto.

Msusi akapanda, Chiriku mgongoni, begi begani. Foleni ilikuwa mpaka nje, sista anaharakisha, akasoma, akaandika kiganjani kwa kalamu. Mtoto akalazwa kitandani. Fundi akamwona mkewe amechoka, bega limeinama, akasema, "Lete begi nikupokee." Akalipokea. Msusi akapanda tena. Sista akasoma, akatoa, akakunja uso.

"Jamani! Kembamba hivi na kilo zote hizi? Zimekaa wapi?"

Msusi akasema, "Ni maneno hayo, sista. Ndiyo yamemjaa."

Wote wakacheka. Sista alicheka, fundi alicheka, na mama aliyekuwa anafuata kwenye foleni alicheka. Sista akaandika zile kilo kwenye kadi, daktari akazisoma, na dawa ile ya dripu inakwenda kwa uzito. Dawa walimpimia kama mtoto aliyemeza kile chuma. Chupa haikufika nusu, moyo wa Chiriku ukaanza kukimbia, ukakimbia, halafu ukasimama.

Daktari akasema homa ilikuwa kali. Akasema poleni sana. Wakarudi nyumbani, msusi mbeleko ameikunja mkononi, fundi begi begani.

Sasa, siku moja msusi alikwenda kununua mchele kwa muuza nafaka. Uzito ulikuwa mgongoni, hata ameufunga mbeleko kwa mazoea na mbeleko imejaa. Alipofika kwenye mizani ya gunia, ile ya chuma ya chini, akasikia mgongo umekuwa mwepesi. Mshale wa mizani ukapanda. Ukatetemeka, ukatulia.

Muuza nafaka akatazama. "Amekaa vizuri mwanao," akasema. "Mtulivu."

"Ni kilo ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Ni mdogo ila ndiyo mwili wake." Akangoja na kopo la mchele mkononi. "Mwambie ashuke basi nikupimie. Mtasema nawaibia, na mie sina shida na marehemu."

Msusi hakusogea. Kwenye kadi ya hospitali palikuwa pameandikwa kumi na nane na nusu. Alikuwa ameisoma mara nyingi kuliko kitu chochote alichowahi kusoma.

Alirudi nyumbani, akaweka mchele chini, akakaa mkekani mbele ya mumewe.

"Chuma chako kina kilo ngapi?"

Fundi hakuuliza chuma gani. "Nne na kidogo," akasema. "Ukiweka na nyundo, na chupa ya chai, na blanketi, na begi lenyewe, ni sita."

"Ulipima lini?"

"Kesho yake baada ya kumzika."

Nje kulikuwa na mtu anamwita fundi, akaita, akachoka, akaenda zake.

"Kwa hiyo ulijua," msusi akasema.

"Na wewe ulijua."

"Mimi nilijua palepale. Nilipopanda mara ya pili nilijisikia mwepesi mno. Nikajiambia ni kwa sababu mtoto sinaye mgongoni."

"Begi nilikupokea mimi."

"Mimi ndiye niliyepanda nalo."

"Chuma ni changu."

"Na mzaha ni wangu! Sista alishaanza kushangaa, baba Chiriku. Alishakunja uso. Angepima tena. Ni mimi niliyemchekesha."

"Ningeshona lile begi langu..."

"Wacha begi lako. Nimesema ni mimi."

Waligombea hivyo, kama watu wawili dukani kila mmoja anataka alipe yeye. Kati yao mkeka ulikuwa umebonyea mahali pamoja, padogo, na haukusogea kwa huyu wala kwa yule.

Mwishowe msusi akasema, "Twende tukaonane nao."

"Tukawaambie nini?"

"Wamwangalie tu. Kilo zake za kweli. Halafu mtu wa palepale, kwa mdomo wake, aniambie, 'Hatukumpima vizuri.' Neno hilo moja. Nikilisikia nitaweza kukaa."

Walichokitaka kilikuwa hicho na hakuna zaidi.

Wakaenda asubuhi. Fundi alitembea hatua za bata kutoka mlango mkubwa wa hospitali mpaka wodini, kwa sababu uzito ulikuwa juu ya miguu yake, na watu wa ukumbini walimpisha kama wanavyompisha mtu mwenye mtoto. Mizani ya njano ilikuwa palepale. Nailoni imeshika vumbi, utepe umeanza kupauka.

Sista aliwaona kwa mbali. Akaweka chini alichoshika. "Mama Chiriku," akasema.

Kabla hawajamjibu, fundi akasikia miguu yake imekuwa mitupu. Nailoni ya kiti cha njano ikalia, kaa-kaa-kaa, ikabonyea. Mshale mwekundu ukapanda. Kumi na mbili na nusu.

"Haya," msusi akasema. "Mtazameni."

Daktari aliitwa, akaja, akainama kusoma kupitia nailoni. Ndiye yuleyule. Akasoma midomo inacheza bila sauti, akafunga mdomo. Sista akajitazama kiganja, kile alichoandikia siku ile, akakifuta kwenye gauni ingawa hakikuwa na kitu.

Halafu akaja mkubwa wa hospitali, mtu mpole, mwenye funguo nyingi kiunoni. Aliwapa wazazi mkono, wote wawili, akawapa pole. Ndipo akageukia mizani.

"Nani amemruhusu akae hapo? Hii haijazinduliwa."

"Amekaa mwenyewe, mkubwa," sista akasema.

"Mkubwa," fundi akasema, "tunaomba usome tu pale mshale ulipo. Kwenye kadi mliandika kumi na nane na nusu."

Mkubwa akavaa miwani, akasoma. Hakudanganya. "Kumi na mbili na nusu," akasema. "Nimeona. Sina ubishi na macho yangu. Lakini kipimo kilichopimwa na mizani ambayo haijazinduliwa, kwetu hicho kipimo hakipo."

"Mimi niliomba tuifungue," sista akasema taratibu. "Niliomba kabla ya mtoto huyu."

"Uliomba, na nilikujibu." Akageukia wazazi tena. "Oneni na upande wangu. Mgeni rasmi anakuja wiki ijayo. Ataukata utepe, watoto waanze kupimwa. Sasa atazindua mizani ambayo mtu ameikalia? Mshale lazima uwe kwenye sifuri. Akibaki hapo sitaizindua, na isipozinduliwa haitumiki. Mimi sina la kufanya."

Sista akapiga hatua mbele. "Mama, siku ile mimi niliku..."

"Sista," mkubwa akasema, bado kwa upole, "wagonjwa wanakungoja."

Walikuwa wanangoja kweli. Ukutani, kwenye mizani ya wakubwa, alikuwa amesimama msichana mdogo tu, mama wa juzijuzi, mtoto mgongoni analia kwa sauti nyembamba. Begani ana mkoba. Mumewe yuko pembeni na mikono imenyooshwa tayari, anataka kumpokea.

Msusi akamwona. Akatazama mkoba, akatazama ile mikono.

"Mdogo wangu," akaita, "mkoba uweke chini kwanza. Chini kabisa, kabla hujapimwa."

Msichana akauweka, bila kuuliza sababu.

Fundi alikuwa anatazama kiti cha njano. Akiwa pale Chiriku anaonekana. Mkubwa mwenyewe, daktari, kila anayepita anauona mshale uliosimama kumi na mbili na nusu, na kesho wangeuona, na kesho kutwa. Akishuka, hakuna kitu. Watabaki na kadi yenye kumi na nane na nusu, na lile neno hawatalisikia tena.

"Akishuka mtaizindua?" akauliza.

"Wiki ijayo. Neno langu."

Akamtazama mkewe. Msusi alikuwa ameshika utepe kwa vidole viwili, anaupapasa kama nywele za mteja. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kidogo tu, mtu asiyemjua asingeona.

Fundi akapiga magoti mbele ya mizani, uso kwa uso na picha ya bata.

"Haya mama," akasema. "Shuka. Tutembee."

Haikuwa mara moja. Nailoni ilikaa imebonyea, imebonyea, kama mtoto anayejifanya hajasikia. Halafu ikainuka polepole. Mshale ukarudi sifuri. Mkubwa akashukuru, akaufunga utepe vizuri mahali ulipolegea.

Njiani msusi akasema, "Yuko kwangu." Fundi akasema, "Hapana, yuko kwangu." Wakasimama, wakasikiliza miili yao. Mgongo wa msusi ulikuwa umelemewa, na miguu ya fundi ilikuwa imekanyagwa. Hawakugawana. Kila mmoja alimbeba mzima.

Walipofika nyumbani fundi alilifungua begi lililokuwa nyuma ya mlango, akatoa nyundo yake na chuma, chuma akakisimamisha kibarazani kwa miguu yake mitatu. Halafu akalishona begi lake la kazi. Lile jiwe akalitupa.

Mgeni rasmi hakuja wiki ile. Walisema amepata safari. Wiki nyingine walisema ana msiba, na iliyofuata akabadilishwa mgeni, ikabidi mpya apangiwe siku yake. Utepe ulipauka mpaka ukawa kama kitambaa cha jikoni, wakanunua mwingine, mwekundu zaidi. Mama Redio alikwenda kumwona mgonjwa, akarudi na habari: mizani ipo, nailoni ipo, mshale uko sifuri, na kina mama bado wanapanda ya wakubwa, hesabu inatolewa kiganjani.

Kibaraza kile kiko njia ya kwenda hospitali. Mpaka leo msusi akimwona mama anapita mbio na mtoto mgongoni anaacha kichwa cha mtu nusu, anasimama, anapiga kelele, "Dada! Begi liweke chini kwanza! Ukifika, begi chini!" Wengine humwelewa. Wengine humdhani ana kichaa, wanaongeza mwendo. Naye hurudi kusuka ameinama kidogo mbele, kama kila mwenye mtoto mgongoni, na fundi anagonga misumari huku miguu ameiweka sawa, haitikisi, kuna mtu amesimama juu yake.

Haya, swali langu ndilo hili. Ungekuwa wewe pale ukumbini, umepiga magoti, mtoto wako amekaa pale kila mtu anamwona: ungemwambia ashuke?